Hakuna wa Kumshika Mabukwe

Kamembe, Jumanne jioni. Mvua imekatika, ziwa limechukua rangi ya sufuria kuukuu, na mimi nimechoka mpaka kwenye nywele.

Nimekaa kwenye ngazi za hospitali, nje ya wodi ya wanawake, naandika kwa simu. Mtu akinisukuma kwa kidole sasa hivi nitaanguka, wala sitauliza ni nani. Betri iko nusu. Mwenyewe niko chini ya hapo.

Leo wamempasua tumbo mama mkwe wangu.

Wanaonisoma hapa wananijua, mimi ni mtu niliyetembea. Nimezaliwa Bukavu, nimeuza viatu Bujumbura, nimekula samaki Kisangani, nimegombana na polisi Dar es Salaam nikashinda. Na shule tuliachana mapema, bila ugomvi, lakini dunia nimeisoma kurasa zote. Huwa nasema hivyo baa, na watu hunipa kiti. Leo nilikaa kwenye benchi la mbao kutoka asubuhi hadi alasiri, na huko kutembea kwangu kote hakukunisaidia kitu.

Nieleze kidogo. Mama mkwe kwetu tunamwita Mabukwe. Ndivyo ninavyomwita tangu nilipomchukua binti yake Jeanne, na sisi sasa ni watu wenye wajukuu. Mabukwe huli naye sahani moja. Hukai kitandani kwake. Humgusi, na jina lake hulitaji. Mimi na yeye tunapendana kama Cyangugu na Bukavu: tunaonana kila siku, lakini katikati kuna maji.

Kwa kawaida daraja letu ni Jeanne. Sasa wiki iliyopita Mabukwe alishuka kutoka kwake Bweyeye, kule juu kando ya msitu wa Nyungwe, aje kutazamwa macho. Jeanne akapanda kumchungia mbuzi na kumvunia maharage. Mvua ikanyesha, mlima ukamwaga udongo barabarani, njia ikafungwa. Tukabaki mimi na Mabukwe katika nyumba moja, bila mtu wa katikati.

Tukawa tunaongea kupitia ukuta.

"Mabukwe, umeamuka muzima?"

"Niko muzima, mukwe."

"Mbona chakula kimerudi vile kilienda?"

"Nimeshiba. Ule wewe, unatumika kazi sana."

Siku ya kwanza nikaamini. Siku ya pili nikaamini tena, kwa sababu kutoamini kungenilazimu niulize, na mkwe haulizi mambo ya tumbo la Mabukwe. Asubuhi ya leo nilisalimia ukuta, ukuta haukujibu. Nilisimama mlangoni kwake kama mtoto aliyefukuzwa darasani, sijui niingie au nisiingie. Nikaenda kumwita mama jirani. Alipotoka mle ndani alikuwa ameshika mdomo. Akaniambia tumbo limekuwa gumu kama ngoma na huyu mama ana maumivu tangu juzi.

Tangu juzi. Nyuma ya ukuta wa tofali moja.

Alivumilia kwa sababu mtu wa kumwambia nilikuwa mimi.

Hospitali, daktari alimgusa mara moja tu, akasema utumbo umejisokota, lazima wafungue leo, jioni itakuwa tumechelewa. Mapokezi wakaomba kitambulisho. Mabukwe akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kitambaa kilichokunjwa, kitambulisho ndani yake, akanipa bila kuniangalia. Nami nikampa yule dada wa mapokezi bila kukifungua, macho yangu juu kwenye taa. Mtu hachungulii kitambaa cha mama mkwe wake. Nakumbuka nilijisifu moyoni kwa adabu yangu. Kumbe adabu hiyo hiyo ingekuja kunivuta masikio saa chache baadaye.

Kisha akaja yule anayelaza watu kwa dawa. Munganga wa kulaza, ndivyo wanavyomwita wagonjwa. Nilitegemea mwanamume mkubwa mwenye miwani, akaja binti mwembamba mwenye viatu vya mpira, sauti yake ya chini. Akainama mpaka usawa wa uso wa Mabukwe.

"Maman, tutakupa dawa, utalala. Banganga batafanya kazi yabo, hautasikia kitu. Bakimaliza nitakuamusha mimi mwenyewe."

Mabukwe alifikiri. Halafu akauliza swali ambalo hata mimi, na dunia yangu yote, sikulitarajia.

"Na ni nani atanishika?"

"Hakuna wa kukushika, Maman. Hakutakuwa na lazima."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja."

"Basi muniache nirudi nyumbani."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekataa chai. Akageukia ukutani, na hapo, akiongea na yule binti na si mimi, akasimulia habari ambayo hata Jeanne hajawahi kunisimulia. Alipokuwa msichana, mti ulimwangukia kaka yake mguuni pembeni ya msitu. Hospitali ilikuwa mbali, hakuna barabara, na mguu ulikuwa umeshaanza kunuka. Akaja mzee mmoja aliyejua kukata. Wakamnywesha kaka pombe ya ndizi, wanaume wakamkalia mikono na mapaja, na yeye, msichana, akapewa kichwa akibane kati ya magoti yake. Alisema sauti ya kaka yake siku ile haikuwa ya mtu wala ya mnyama. Lakini kaka alipona. Na mpaka uzeeni alikuwa akisema: bantu balinishika, ndiyo maana sikuenda.

"Sasa mimi," akasema Mabukwe, "nitalala mu chumba cha bantu sijui, na hakuna hata ndugu moja wa kunishika. Nikianza kuenda, ni nani atanivuta?"

Yule binti akanitazama mimi. Daktari akatazama saa ukutani. Kila mtu alijua kwamba mama huyu akirudi nyumbani, kesho tunachimba.

Mimi kazi yangu ni kuchekesha watu. Sina nyingine ninayoijua vizuri. Nikakohoa, nikauambia ule mgongo wake: "Mabukwe, mimi siruhusiwi kukushika, unajua. Lakini ule mulango wa chumba nitaushika. Nitaushika vile hata munganga akitaka kwenda choo ataniomba ruhusa."

Mabega yake yakatikisika kidogo. "Usinichekeshe, mukwe," akasema.

Halafu akasema sawa.

Wakamsukuma, milango ikajifunga. Nikakaa kwenye benchi pamoja na Juma, mwanamume wa Bugarama anayefanya kazi ya saruji, ambaye mdogo wake alivunjika mguu kwenye mpira na alikuwa akisubiri zamu yake. Juma alikuwa ametulia namna ya watu wenye hofu. Mimi nikiwa na hofu naongea. Nikamwambia yote ninayoyajua kuhusu hii dawa, na mengine nikayaongezea chumvi, Mungu anisamehe.

Nilikuwa kijana Bukavu, nikifua mashuka ya hospitali, na nesi mmoja mzee alipenda kunisimulia mambo haya tukisubiri maji yachemke. Alisema zamani, hata kwa wazungu huko, hali ilikuwa ile ile ya kaka yake Mabukwe: pombe, kamba, na wanaume wenye nguvu. Daktari mzuri alikuwa yule mwenye mkono wa haraka. Walimsifu kama wanavyosifu mkimbiaji. Mguu ulitoka kabla mgonjwa hajamaliza kuvuta pumzi ya kupiga kelele, na kama kidole cha msaidizi kilitoka pamoja nao, basi, bahati mbaya. Tumbo halikuguswa kabisa. Nani angekaa kimya afunguliwe tumbo? Mwenye utumbo uliojisokota alifanyiwa sala.

Halafu Amerika mtu wa meno akaleta chupa ya etha. Mgonjwa akavuta ule mvuke, wakamkata uvimbe shingoni mbele ya mabingwa waliokuja kucheka, akaamka hajalia. Nesi yule alisema wale mabingwa walitoka mle ndani kimya kama watu waliotoka kuungama. Baadaye ikaja dawa nyingine, kloroformu, wakaanza kuwapa hata wanawake wanaojifungua. Kuna watu wa dini waliokasirika, kwamba uchungu wa kuzaa umeandikwa, usiguswe. Mpaka malkia wa Waingereza mwenyewe akaivuta akizaa, na maneno yakapungua.

Juma akanisikiliza mpaka hapo. "Kumbe hata malkia inamuuma," akasema.

"Inamuuma kabisa. Taji haizuii."

"Na hao ba padiri, bao balizaa lini?"

Nikacheka kwa mara ya kwanza leo. Juma hakucheka, aliuliza kweli.

Lakini kuna jambo lililonijia pale pale nikiongea, na nesi yule hakuniambia. Hii dawa ilimpa daktari muda. Alipoacha kukimbia, akaanza kushona polepole, akaingia tumboni, kifuani, kichwani. Watu wangapi tunapishana nao sokoni Kamembe ambao bila ule usingizi wangekuwa udongo, nashindwa hata kuwaza. Tumeipata zawadi kubwa na tunaiona kama maji ya bomba. Sawa. Lakini pia ilituondoa sisi chumbani. Zamani ulikatwa katikati ya watu wako. Jasho lao lilikudondokea. Sasa hakuna haja ya nguvu zetu, basi tumewekwa nje, kwenye benchi. Benchi lenyewe, nikilifikiria, limeletwa na ile chupa ya etha.

Mabukwe aliona hilo kabla yangu, na hajawahi kuvuka hata daraja la Rusizi kwenda Bukavu.

Saa zikaenda. Nilishika ule mlango kama nilivyoahidi, yaani niliuegemea kila nilipopata nafasi, na mfanyakazi wa usafi akanifukuza na fagio mara kadhaa. Mwishowe nikasikia vitanda vikisukumwa ndani, na sauti ya yule binti: "Daphrose. Daphrose, fungua macho. Daphrose, tumemaliza."

Akaita tena.

"Daphrose, unanisikia? Daphrose."

Aliita muda mrefu. Sauti yake ilianza laini, ikawa ya kawaida, halafu ikapanda. Nikamwonea huruma huyo Daphrose. Nikaona aibu kwa niaba ya watu wake. Nikamgeukia Juma, na kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia nikasema: "Bantu ba huyu mama bako wapi? Muntu anaitwa vile, haamuki, na hapa inje hakuna hata mutoto wake moja. Sisi Banyarwanda tumekuwa bantu gani? Kama angekuwa wa kwangu, mimi ningekuwa nimevunja huu mulango."

Juma akatikisa kichwa. Mama mmoja aliyekaa mbali akatikisa kichwa. Nikasali hata kidogo. Nilimwombea Daphrose kwa moyo wangu wote, na katikati ya sala nikamshukuru Mungu kwamba Mabukwe wangu bado anashonwa.

Mlango ukafunguka. Yule binti akatoka, kofia imelowa jasho.

"Nani yuko na Daphrose?"

Sote tukatazamana. Nikageuza shingo kumtafuta huyo mtu asiye na aibu.

"Yule Maman wa Bweyeye," akasema. "Wa tumbo."

Kukaa kwetu kote, harusi, ubatizo wa watoto, misiba, na sikuwa nimelijua jina la mama huyu. Siku ya harusi lazima walilitaja, lakini siku ile mimi nilikuwa namtazama bibi harusi na kreti ya bia.

"Ni mimi," nikasema. Juma akanitazama, halafu kwa hisani yake akatazama dari.

"Nyumbani anaitwa nani? Hili jina analiitika?"

"Kwangu ni Mabukwe. Kwao Bweyeye ni Mama Jeanne. Hilo la Daphrose, sijasikia mtu analiita."

Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyepiga hesabu ikakataa. "Dawa inapaswa kuwa imeisha. Anapumua vizuri lakini harudi. Njoo umuite wewe."

"Mimi? Mimi ni mukwe, Docta."

"Kuna mwingine?"

Hakukuwa na mwingine.

Wakanivika kanzu ya kijani, kofia, na mifuko ya viatu. Nikaingia. Mabukwe alikuwa mdogo. Nyumbani hujaza mlango, mle alikuwa kama nguo iliyoanuliwa kwenye kamba. Na kichwa chake kilikuwa wazi. Sikuwa nimewahi kuona nywele zake. Ni nyeupe zote, fupi, kama pamba. Nikageuza uso.

"Mushike mukono," yule binti akasema.

Nikasimama.

"Papa, mushike mukono."

Nikaushika. Ulikuwa baridi, mzito, wenye magamba ya jembe, na nilijisikia mwizi. "Mama Jeanne," nikasema. Hakuna kitu. "Mama Jeanne, ni mimi, bwana wa Jeanne." Hakuna. Nikasema Jeanne yuko njiani. Nikasema wajukuu wanakusalimia. Nikaomba kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, hata kwa Kifaransa changu cha kuuzia viatu. Nilikuwa nikiwaza nitampigiaje simu mke wangu, nitaanza na neno gani.

Kisha ujinga wangu ukaniokoa, kwa sababu nilikosa la kusema. Nikamwinamia sikioni: "Mama Jeanne, mbuzi bameingia mu maharagi."

Kope zikacheza.

"Bote," nikasema. "Na ule mweusi ndiye kiongozi."

Akafungua macho. Akatazama dari, akatazama kofia yangu ya kijani, akateremka polepole mpaka kwenye mikono yetu. Akauangalia ule mkono wake ndani ya wangu kwa muda. Halafu akauvuta. Akapapasa kichwani, akakuta hakuna kitambaa, akavuta shuka mpaka juu ya nywele.

"Mukwe," akasema, na sauti ilikuwa kama karatasi, "toka."

Nimefukuzwa sehemu nyingi katika nchi nyingi. Sijawahi kufukuzwa vizuri hivyo.

Yule binti alinifuata mlangoni. Akasema, kwa uaminifu, kwamba huenda dawa ilikuwa imemaliza muda wake tu, wazee wengine hukawia. Nikamwambia inawezekana. Akatazama pembeni, akafuta uso kwa mkono wa kanzu, akamgeukia Juma.

"Mudogo yako, kwenye karatasi ni Hamisi. Nyumbani munamuita nani?"

Juma akaangalia viatu vyake. "Mapua."

"Mapua."

"Ndiyo, Docta. Pua yenyewe utaiona."

Akaliandika.

Jioni hii nilimpata Jeanne kwenye simu, mtandao wa Bweyeye ukija na kuondoka. Nikamwambia mama yako amefunguliwa tumbo, ameshonwa, ameamka. Akalia. Nikamwambia pia kwamba nilimshika mkono. Kisha akauliza, "Na yeye alisema nini?" Nikasema alinifukuza. Akalia zaidi, lakini kilio kingine.

Kabla hawajatutoa wodini nilisimama upande wangu wa pazia, kama kawaida yetu. Nikauliza kama yuko mzima. Nilishajiandaa kusikia kwamba yuko mzima.

"Inaniuma, mukwe," akasema. "Inaniuma sana."

Nilikimbia kumtafuta nesi. Wakamchoma dawa. Nilisimama pale pale nikisikiliza pumzi yake ikilegea kidogo kidogo, mpaka walinzi wakaja kuwahesabu wanaume na kututoa.

Wanasema kesho mashine itapita kusafisha barabara. Jeanne atashuka, atakaa ndani ya pazia, na mimi nitarudi mahali pangu, ng'ambo. Ndivyo inavyotakiwa. Ila nakaa hapa najiuliza: akisema tena yuko mzima, nitajua vipi kuinuka na kuingia?